Geji ya mafuta ya gari la spoti inapodanganya: anzia kwenye tanki

Kijana alinipigia simu jioni akiwa amekwama kwenye barabara ya Likasi, karibu kuingia Lubumbashi. "Yaya, esanse iko," akasema, yaani mkubwa wangu, petroli ipo. "Mshale uko kwenye robo. Lakini motokari inakatala." Gari lenyewe ni Nissan Fairlady Z ya toleo la Z33, ile ambayo nje ya Japani inauzwa kwa jina la 350Z. Usukani uko kulia, kama magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam, yakakata Zambia na kuingia kwetu Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Nilimwambia aongeze lita kumi. Akazipata kwa kadafi wa karibu, muuza petroli wa barabarani, kwenye bidoni (dumu) la njano, na injini ikawaka palepale. Kesho yake asubuhi gari lilikuwa mbele ya garaji yangu, na mwenyewe alikuwa ameshaelewana na mtu wa vipuri bei ya dashibodi nzima ya mtumba.

Nilimzuia. Kila mara nakutana na jambo hili: mshale uko mbele ya macho ya dereva, kwa hiyo lawama zote zinauangukia. Dashibodi inang'olewa, inaletwa nyingine, na uongo unabaki uleule. Mimi naanzia nyuma, kwenye soketi ya tanki, na dashibodi naiacha iwe ya mwisho.

Geji yenyewe si kitu kigumu. Ndani ya tanki kuna boya linaloelea juu ya petroli. Boya limeshikwa na mkono mwembamba, na kwenye mwisho wa mkono huo kuna ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu ya kibao cha rezista, kitu kinachopunguza umeme. Petroli ikipungua boya linashuka, ulimi unahama, ukinzani unabadilika, na dashibodi inautafsiri ukinzani huo kuwa mshale. Boya, mkono, ulimi na kibao kwa pamoja ndiyo sensa ya tanki. Kutoka hapo kuna waya mmoja unaopeleka habari mbele, na mwingine wa masi, njia ya umeme kurudi, unaoshika kwenye bodi ya gari. Ongeza fyuzi na dashibodi, umemaliza orodha ya washukiwa. Sasa jiulize ni yupi kati yao anayeishi ndani ya petroli chafu, anayetikiswa mchana kutwa na kusuguliwa bila mapumziko.

Kabla ya waya, lipime bidoni

Usicheke. Kuna mteja aliyeniapia kwamba geji yake imekufa kwa sababu anaweka lita tano na mshale hautikisiki. Tulichukua zile chupa za maji alizouziwa petroli barabarani, tukazimimina kwenye kopo lenye alama. Hazikufika nne. Na hata zingefika tano, kwenye tanki linalobeba zaidi ya lita 70 hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi na nne, karibu unene wa mshale wenyewe.

Kuna mambo mengine mawili yanayofanana na ubovu bila kuwa ubovu. La kwanza, gari limeegeshwa kwenye mteremko. Tanki la gari la spoti ni bapa na pana, kwa hiyo petroli inakimbilia upande mmoja na boya linasoma upande huo tu. La pili, dashibodi nyingi zimetengenezwa kuchelewesha mshale kwa makusudi usicheze kila petroli inaporuka. Ukijaza huku swichi imewashwa, mshale unaweza kuchukua dakika kadhaa kupanda. Zima, subiri kidogo, washa tena, kisha ndipo uhukumu.

Chomoa soketi, uangalie mshale unakwenda wapi

Hiki ndicho kipimo kinachokata kazi nusu kwa nusu, na hakihitaji kufungua tanki. Tafuta soketi ya sensa. Kwenye magari mengi ya spoti iko juu ya tanki, chini ya kifuniko kidogo nyuma ya viti au chini ya kiti cha nyuma. Hapa kuna mtego kwa sisi tunaoendesha magari ya usukani wa kulia: maelekezo mengi yaliandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Kitabu kikisema "nyuma ya kiti cha abiria", kinamaanisha kulia. Kwako abiria anakaa kushoto. Tafuta kwa kulia na kushoto, usitafute kwa jina la kiti, la sivyo utafungua kapeti bure.

Zima swichi, chomoa soketi, washa swichi bila kuwasha injini, tazama mshale. Kisha zima, unganisha waya wa habari na waya wa masi kwa rezista ndogo, washa, tazama tena. Kwenye gari la zamani lenye geji ya koili unaweza kuunganisha kwa waya mtupu kwa sekunde chache. Kwenye gari lenye dashibodi ya kielektroniki mimi situmii waya mtupu. Natumia rezista za omu (kipimo cha ukinzani) 10, 47 na 82, ambazo fundi yeyote wa redio atakutolea kwenye televisheni iliyokufa.

Sasa, mshale ukienda mwisho mmoja soketi ikiwa imechomolewa, na mwisho wa pili ikiwa imeunganishwa, basi dashibodi ni nzima, waya ni nzima, fyuzi ni nzima. Kosa liko ndani ya tanki au kwenye masi ya tanki. Mshale usipotikisika hata kidogo, tanki halina hatia. Fuata waya kwenda mbele.

Jua pia gari lako linahesabu kwa mtindo gani, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Magari mengi ya Japani yanatoa omu chache tanki likijaa na omu nyingi likiwa tupu. Sensa za kampuni ya VDO, ambazo zilitumika sana Ulaya, zinakwenda kinyume: karibu omu 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa. GM ya Marekani kwa miaka mingi ilitumia 0 kwa tupu na 90 kwa kujaa. Kwa hiyo soketi ikichomoka kwenye Fairlady mshale unalala, lakini ikichomoka kwenye gari la mtindo wa VDO mshale unapanda juu kabisa. Anayekuambia "mshale ukiganda juu ni waya umekatika" anasema kweli kwa gari moja na uongo kwa lingine.

Angalizo moja: dashibodi za karibuni zikiona kipimo kiko nje ya mipaka, ziwe zimekatiwa waya au zimeunganishwa moja kwa moja, zinalaza mshale kwenye E, alama ya tupu, na kuwasha taa. Kwa gari la namna hiyo rezista ni lazima, tena yenye thamani iliyo ndani ya mipaka. Mashine ya kusoma makosa nayo inasaidia. Namba ya kosa P0460 ni ya mzunguko mzima wa sensa ya mafuta, P0461 ni kipimo kisichoendana na mwendo wa gari, P0462 ni ishara iliyo chini mno, P0463 ni ishara iliyo juu mno, P0464 ni ishara inayokatika-katika. "Chini" na "juu" hapo ni umeme, si petroli. Nimewahi kumwona mtu anakwenda kujaza tanki kwa sababu mashine ilimwambia kipimo kiko chini.

Masi, mwongo mpole

Hili halizimi geji. Linaihamisha tu kidogo, mpaka mwenye gari anazoea na kusema "yangu iko hivyo". Msumari wa masi unaobana waya kwenye bodi unapata kutu wakati wa mvua, halafu vumbi letu jekundu la kiangazi linajaza nafasi iliyobaki. Ukinzani wa kutu unajijumlisha na ule wa sensa. Kwenye gari la Japani omu zilizoongezeka zinasomeka kama petroli iliyopungua: tanki limejaa na mshale unasimama robo tatu. Kwenye gari la mtindo wa VDO kutu hiyohiyo inaongeza petroli ambayo haipo, na huyo ndiye atakayelala njiani.

Dalili yake naipenda kwa sababu unaweza kuipima ukiwa umekaa. Washa taa, kanyaga breki, washa indiketa. Mshale ukicheza pamoja na indiketa, masi ya nyuma inagawana njia na taa na haitoshi. Ili uwe na uhakika weka multimeta, kile kifaa cha kupima umeme, kwenye volti, mguu mmoja kwenye masi ya soketi ya tanki, mwingine kwenye hasi ya betri, pampu ikiwa inazunguka. Ukiona zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, fungua msumari huo, usugue bodi mpaka chuma king'ae, funga tena na upake grisi. Kazi ya dakika ishirini, na gharama yake ni kipande cha msasa.

Mshale unaoruka, au unaokufa sehemu moja

Mshale unasoma vizuri kutoka juu hadi nusu, halafu chini ya robo unaanguka ghafla, unapanda, unaanguka tena. Hapa nina shaka na kibao, na ninajua kwa nini. Wengi wetu hatujazi tanki. Tunaweka za leo. Boya linaishi mwaka mzima kwenye robo ya chini, na ulimi unasugua sehemu ileile ya kibao kila gari linaporuka shimo, huku sehemu ya juu ikibaki mpya kama ilivyotoka Japani. Gari lililochoka hivi linapima vizuri likijazwa na linapotea pale hasa unapolihitaji.

Kuna pia salfa. Ulimi na kibao vya sensa nyingi vina fedha ndani yake, na salfa iliyozidi kwenye petroli inaigeuza fedha kuwa nyeusi na kuzuia umeme. Si hadithi ya barabara mbovu tu: mwaka 2004 petroli ya namna hiyo iliuzwa kusini mwa Marekani, Florida na Louisiana zikiwemo, na geji za magari mengi zikaanza kusema uongo. Rangi nyeusi kwenye ulimi inatoka kwa raba ya kufutia penseli na dawa ya kusafisha kontakti. Usitumie msasa hapa. Njia ya rezista ni nyembamba kuliko unavyofikiri, na ukiikwangua umeinunua.

Kupima kibao unahitaji kutoa sensa, kwa hiyo tuseme wazi kuhusu moto. Fanya kazi hii nje, tanki likiwa na petroli kidogo, hasi ya betri ikiwa imefunguliwa, na utawanye mvuke kabla ya kuingiza mkono. Uani kwetu kuna mbabula ya mtu, jiko la makaa, wakati wote. Iondolewe, hata kama bukari, ugali wetu, haijaiva. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kuifuata mbabula mahali ilipo. Sigara na simu viwe mbali.

Sensa ikiwa mkononi, gusanisha kwanza ncha mbili za multimeta uone zenyewe zinasoma kiasi gani. Nyingi zina nusu omu, na hiyo uitoe kwenye hesabu. Halafu pandisha mkono wa boya polepole kutoka chini hadi juu. Namba ziende kwa mfululizo bila kuruka. Ukifika mahali multimeta inapoteza namba kabisa halafu inazipata tena, hapo ndipo kibao kimekwisha. Fanya mara tatu, maana ulimi mbovu unaweza kukubali mara moja ili ukudanganye.

Boya, mkono, na dodani zetu

Mshale ukilala chini siku zote na umeme wote ni mzima, tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia kimiminika ndani, limetoboka na linazama. Boya la shaba la magari ya zamani linaweza kuzibwa kwa risasi ya kulehemu, lakini likaushwe kabisa kwanza, na mimi siruhusu mtu kulichomea karibu na gari. La plastiki au la povu linabadilishwa.

Mshale unaosimama mahali pamoja bila kupita, kwa mfano haupandi zaidi ya robo tatu hata tanki likifurika, mara nyingi una mkono uliopinda. Swali la kumuuliza mwenye gari: pampu ilibadilishwa lini? Kuingiza pampu kwenye tundu dogo bila kuukunja mkono kunahitaji subira, na si kila fundi anayo saa kumi na mbili jioni.

Na gari la spoti liko chini. Dodani, yaani matuta, za mitaa yetu zinajengwa na watu waliokuwa wakifikiria malori. Tanki la chuma likigongwa kutoka chini linabonyea kuelekea ndani, na boya linakaa juu ya kibonyeo hicho kabla petroli haijaisha. Geji haitaonyesha tupu kamwe. Ingia chini ya gari na tochi kabla ya kununua chochote.

Tanki lenye matumbo mawili

Turudi kwa kijana wa Likasi, maana dalili yake haimo katika yote niliyosema. Mshale ulipanda na kushuka vizuri. Nilichomoa soketi, ukalala. Nikaweka rezista, ukapanda. Masi safi. Alikwama akiwa na robo.

Gari ambalo injini iko mbele na magurudumu ya nyuma yanasukuma, peke yake au pamoja na ya mbele, lina shafti inayopita katikati, chini. Tanki linapowekwa hapo linapaswa kuiachia njia, kwa hiyo linatengenezwa kama tandiko la punda: tumbo moja kulia, tumbo moja kushoto, na kigongo katikati. Fairlady Z iko hivyo, Subaru Impreza iko hivyo, BMW M3 ya E46 iko hivyo. Pampu iko kwenye tumbo moja tu. Petroli ikiwa juu ya kigongo inakwenda popote. Ikishuka chini ya kigongo, tumbo la pili linabaki kama kisima kisicho na ndoo.

Ndoo yake ni kifyonzaji, kifaa kidogo kisicho na mota. Sehemu ya petroli inayosukumwa na pampu inapitishwa kwa nguvu kwenye tundu jembamba, mwendo huo unafyonza, na kwa bomba linalovuka kigongo unavuta petroli ya tumbo la pili kuileta upande wa pampu. Kikifanya kazi hutajua kama kipo.

Kwa kuwa kuna matumbo mawili, kuna sensa mbili, na zimeungwa mfululizo ili dashibodi isome jumla. Nitumie namba za mfano tu. Tuseme kila sensa inatoa omu 3 tumbo lake likijaa na 43 likiwa tupu. Tanki zima likijaa jumla ni 6, likiwa tupu ni 86. Sasa tumbo la pampu limekauka, 43, na tumbo la pili lina nusu yake, 23. Jumla ni 66. Kutoka 6 hadi 86, 66 ni pale ambapo robo tatu zimekwisha. Dashibodi inaandika robo, na inasema kweli! Petroli iko ndani ya gari. Pampu ndiyo haiifikii.

Dalili za mapema zipo, ila zinafanana na za pampu mbovu: gari linakohoa chini ya nusu tanki, hasa ukikanyaga, halafu linapona baada ya kona. Kona ndefu ya kushoto inarusha petroli kulia. Mizunguko yetu ya barabara tunaizunguka kwa kushoto, kwa hiyo kama pampu iko kulia, gari linaingia kwenye mzunguko likikohoa na kutoka likiwa zima, na dereva anasema "ilikuwa esanse chafu". Miezi miwili inapita hivyo.

Uthibitisho ni wa macho. Fungua vifuniko vyote viwili, ingiza kijiti safi cha mbao kila upande. Kwa kijana wetu upande wa pampu ulitoa zile lita za kadafi tu, nyingi zikiwa zimeshaungua. Upande wa pili kijiti kilitoka kimelowa hadi juu ya nusu. Pampu ilikuwa imebadilishwa na fundi fulani wiki chache kabla, na bomba la kufyonza lilikuwa limelala kwenye sakafu ya tanki, halijachomekwa. Klipu yake haikuwepo popote. Nililichomeka, nikaweka klipu inayovumilia petroli, nikafunga kwa mpira mpya wa kuziba, maana mpira wa zamani ukishavimba haurudi kwenye nafasi yake na utanusa petroli ndani ya gari kila ukigeuka.

Bomba likiwa mahali pake na bado tumbo la pili halipungui, safisha tundu jembamba. Chembe moja ya kutu ya bidoni inatosha kuliziba. Ikiwa badala yake geji haishuki chini ya nusu hata matumbo yote yakikauka, au haivuki nusu hata yakijaa, basi kifyonzaji ni kizima na sensa moja kati ya mbili imekwama. Pima kila moja peke yake, usipime jumla.

Jambo moja ninalowaambia wenye magari haya na hawapendi kulisikia: pampu iliyo ndani ya tanki inapozwa na petroli inayoizunguka. Kuiacha ifyonze hewa kwa sababu "mshale bado uko robo" ni kununua pampu ya pili.

Ikibaki dashibodi

Hapa napita haraka, kwa sababu ukifika hapa umeshaondoa yote niliyotaja. Geji ya mafuta na ya joto zikidanganya pamoja kwenye gari la zamani la Uingereza, MGB kwa mfano, mshukiwa ni kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi, ambacho kazi yake ni kuzipa geji hizo karibu volti 10. Zikidanganya pamoja kwenye gari jipya, angalia fyuzi na masi ya dashibodi. Mishale inayoendeshwa na vimota vidogo inaweza kuchoka. Magari ya GM ya mwaka 2003 na kuendelea yalisifika vibaya kwa hilo. Nyuma ya soketi ya dashibodi tafuta risasi ya kulehemu iliyopasuka, mviringo mwembamba kuzunguka mguu wa pini.

Na uliza kama kuna mtu aliyewahi kung'oa mishale kuweka uso mweupe au taa za buluu. Vijana wa spoti wanapenda sana. Mshale ukirudishwa umekosea jino moja, geji yote imehama, na hakuna sensa duniani itakayoirudisha. Dashibodi nyingi zina jaribio la ndani linalozungusha mishale yote hadi mwisho na kurudi. Njia ya kuliwasha imeandikwa kwenye kitabu cha ukarabati cha gari husika. Mshale ukizunguka vizuri katika jaribio hilo, mwache mtu wa vipuri auze dashibodi yake kwa mwingine.

Lita kwa lita

Baada ya kurekebisha lolote, mimi siamini mpaka nijaze kwa mkono. Weka gari mahali tambarare, toa petroli yote, halafu uirudishe lita tano kwa tano kwa kopo ulilolipima kwenye kituo chenye pampu ya kuaminika. Kila baada ya tano zima, subiri, washa, andika mshale uko wapi na taa ya onyo iko vipi. Kwa tanki la matumbo mawili, lita za kwanza zinaangukia upande wa mdomo wa kujazia, kwa hiyo washa injini dakika chache ili kifyonzaji kigawe kabla hujaandika.

Kwa Fairlady ile taa ilizimika kwenye lita 15, na mshale ukaiacha E hapohapo. Nusu ya kwenye geji haikuwa nusu ya lita, ilikuwa pungufu kidogo, na sikuihangaikia. Tanki lenye kigongo halina umbo la ndoo. Niliandika namba zote kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe wa karatasi wenye gundi, nikaubandika ndani ya kifuniko cha kujazia. Kijana alisoma, akauliza, "Yaya, na dashibodi nimeshatoa avansi?" Nikamwambia ampigie simu mtu wa vipuri kabla hajafunga duka.